Fresha wa Kamakis Analala Wapi?

Chuo kidogo kikitaka kuonyesha kwamba kinakua, hupiga picha ya jengo. Kila Septemba ikikaribia, mabango ya Barabara Kuu ya Thika hujaa orofa mpya zenye vioo, maabara za kompyuta ambazo bado hazijakaliwa na mtu, na waheshimiwa walioshika mkasi mbele ya utepe. Kisha huja picha ya pili: foleni ya mafresha kwenye dawati la usajili, masanduku ya bati yamepangwa ukutani, mzazi ameshika bahasha ya kaki yenye vyeti na risiti ya benki. Picha hizo mbili huwekwa bega kwa bega kana kwamba ya kwanza ndiyo iliyozaa ya pili: tumejenga, ndiyo maana wamekuja. Hoja yangu ni kwamba katika ukanda wa Ruiru na Thika, na hasa pale Kamakis, mambo hayaendi hivyo. Kinachoamua kama mwanafunzi aliyeripoti Septemba atakuwa bado darasani Mei inayofuata ni kitanda, maji, mlo na njia ya kurudi chumbani usiku, na karibu yote hayo yako nje ya geti. Chuo chenye fedha kidogo kingefanya vyema kuanzia ukarabati wake huko.

Kwanza tuielewe Kamakis yenyewe. Ni kituo cha biashara kilichokaa kando ya barabara ya Eastern Bypass, karibu na inapokutana na Barabara Kuu ya Thika huko Ruiru. Wakazi wengi wa Nairobi wanaijua kwa nyama choma. Wikendi magari hujipanga mbele ya mahoteli, na harufu ya mbuzi humpokea msafiri kabla hajafunguliwa mlango wa gari. Lakini nyuma ya moshi huo kuna mji unaopanuka kwa kasi ya kutisha. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru; ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Mji mzima umeongezeka mara mbili katika muda ambao mtoto huchukua kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha pili. Ardhi iliyojulikana kwa kahawa imekatwa vipande na kuitwa ploti. (Wakulima wa mbali bado wanalijua jina la Ruiru kwa sababu ya Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti cha hapohapo ili kustahimili chulebuni. Siku hizi zao kuu la Ruiru ni vyumba vya kupangisha.)

Barabara ndiyo iliyoleta haya yote. Barabara Kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, na Eastern Bypass ikaunganisha Ruiru na upande wa mashariki wa Nairobi bila kulazimisha mtu kupita katikati ya jiji. Vyuo vikafuata lami, au vilikuwepo na lami ikavifuata. Kahawa kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho pia kina kampasi Ruiru. Juja kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Thika kuna Mount Kenya, kilichozaliwa katika taasisi ya ufundi ya hapo mjini na kupata chata mwaka 2011, na kuna Gretsa, kidogo zaidi. Ruiru kuna Zetech, kilichoanza mwaka 1999 kama chuo cha kati jijini Nairobi, kikapewa idhini ya muda ya kuwa chuo kikuu mwaka 2014, na chata mwaka 2022. Mwanafunzi aliyepanda matatu mjini Nairobi kuelekea Thika hupita mageti ya vyuo vikuu mfululizo, na vyote vinamtaka. Huu ni ushindani ambao chuo kidogo hakiwezi kuushinda kwa ukubwa wa jengo, maana vile vikubwa vina ardhi zaidi, majengo zaidi na historia ndefu zaidi.

Ili kuona kwa nini kitanda kina uzito kuliko jengo, inafaa kukumbuka jinsi vyuo vya Kenya vilivyojiondoa katika shughuli ya kuwalaza na kuwalisha wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kenyatta chenyewe kilirithi mabweni ya wanajeshi: mwaka 1965 serikali ya Uingereza ilikabidhi kambi ya Templer kule Kahawa, ikageuzwa kuwa chuo cha Kenyatta. Wazo la wakati ule lilikuwa kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu analala, anakula na kusoma ndani ya ua mmoja, na serikali inagharamia. Wazo hilo lilivunjwa na idadi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na waliokuwa wakisubiri nafasi wakarundikana. Mwaka 1990 wahitimu wa mwisho wa mfumo wa zamani wa kidato cha sita waliingia chuoni karibu sambamba na kundi la kwanza la mfumo ulioufuata, wa 8-4-4. Vyumba vya watu wawili vikalala wanne. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlo wa bure wa chuoni ukafutwa na kila mwanafunzi akaambiwa alipie sahani yake. Hapo ndipo kibanda cha nje ya geti kilipogeuka kuwa jiko la chuo kikuu, na ploti ya jirani ikageuka bweni. Hakuna aliyetangaza sera hiyo. Ilijiunda yenyewe, na vyuo vya binafsi vilivyokuja baadaye viliikuta tayari imeshakomaa: vikajenga madarasa na kuuachia mji kazi iliyobaki.

Ndiyo maana maeneo kama Kahawa Wendani, karibu na Kenyatta, na Gachororo, kule Juja, yalichipuka. Mtu akitaja Gate C ya Juja, kila kijana aliyepita JKUAT anajua anazungumzia nini: chipsi, mashine za kuchapisha kazi za darasani, nguo za mitumba, vyumba vya ghorofa sita visivyo na lifti. Ule ni mtaa wa chuo kwa maana kamili, ingawa haumo katika ramani ya chuo wala bajeti yake. Kamakis na viunga vyake vinaelekea hukohuko, tofauti ikiwa kwamba vyuo vya karibu nayo ni vidogo na wateja wa ploti ni wa kila aina: wafanyakazi wa viwanda, familia changa, wauzaji magari, wahudumu wa mahoteli. Fresha wa Juja anashindania chumba na fresha mwenzake. Fresha wa Kamakis anashindana na mtu mwenye mshahara.

Sasa tuje kwenye fedha, kwa sababu bila hesabu hoja hii itaonekana ya huruma tu. Vyuo vidogo huishi kwa idadi ya wanaoripoti, na idadi hiyo iko mikononi mwa wengine. Katika mtihani wa KCSE wa 2015, watahiniwa zaidi ya 165,000 walipata C+ na zaidi, ambayo ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu. Mwaka uliofuata, udanganyifu ulipobanwa chini ya Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, waliofikia alama hiyo walikuwa 88,929. Mwaka 2017 walishuka tena hadi 70,073. Chuo kilichokopa benki mwaka 2015 ili kijenge orofa kwa ajili ya mafuriko ya wanafunzi kilijikuta mwaka 2018 kikifagia vyumba vitupu. Baadaye mambo yakageuka tena: 201,133 mwaka 2023 na 246,391 mwaka 2024. Mtu hawezi kupanga simiti kwa takwimu zinazoyumba namna hii.

Juu ya hayo kuna mkono wa serikali. Kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wanaofadhiliwa na serikali walianza kupangiwa vyuo vya binafsi na KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na vyuo vingi vidogo vilipumua, ingawa serikali ilibaki ikidaiwa mabilioni ya shilingi. Mwaka 2023 ulipoletwa mfumo mpya wa ufadhili, wanaochagua chuo cha binafsi waliwekwa nje ya ufadhili wa masomo, wakabaki na nafasi ya kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Mkuu wa chuo kidogo hana sauti katika lolote kati ya haya. Hawezi kuamua ni wangapi watapata C+, wala nani atapewa ufadhili. Anachoweza kukishughulikia ni kimoja: yule aliyekwisha kuripoti asiondoke. Mwanafunzi anayeacha masomo baada ya muhula wa kwanza anaondoka na karo ya mihula yote iliyobaki, na kumpata wa kuziba nafasi yake kunahitaji mabango mengine, maonyesho mengine, na mawakala wengine wa kuzunguka shule za upili.

Wengi huondoka kwa sababu gani? Watu huharakisha kutaja karo, na karo kweli ni mzigo. Lakini tazama wiki za kwanza za fresha kwa karibu. Ametoka Kitui au Bungoma, ameripoti Jumatatu. Bweni la chuo limejaa au halipo. Mzazi ana siku moja tu ya kumtafutia chumba kabla ya kupanda gari la kurudi, kwa hiyo wanachukua bedsita ya kwanza iliyo wazi. Dalali anataka chake cha kuonyesha, landilodi anataka kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwingine, keateka anaelekeza mahali pa kuanika nguo. Chumba kina kaunta ya zege, sinki, dirisha linalotazama ukuta wa ploti ya pili, na bafu ambamo choo na bomba la kuogea vimebanana hadi ukioga unalowesha karatasi. Mita ya stima ni ya tokeni. Tokeni zinaisha saa tatu usiku wa siku ya pili, na kijana hajui kwamba nambari ya mita imeandikwa nyuma ya mlango kwa chaki. Mfereji unatoa maji siku mbili kwa wiki. Siku nyingine anapanga mitungi kwenye tangi la chini. Kodi ya mwezi wa pili inafika kabla ya mkopo wa HELB, ambao mara nyingi huingia muhula ukiwa umeshika kasi. Hapo ndipo fedha za karo zinapomegwa kulipa chumba. Ofisi ya fedha itaandika kwamba mwanafunzi ameshindwa na karo. Kwa kweli ameshindwa na kodi, na tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayetafuta dawa.

Suala la maji linastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa linaonyesha jinsi uboreshaji wa chuo unavyotegemea mambo ambayo si ya chuo. Bwawa la Karimenu II, kule Gatundu Kaskazini, lilizinduliwa mwaka 2022 kwa lengo la kutoa lita milioni 70 za maji kwa siku, na Ruiru na Juja ni miongoni mwa miji iliyolengwa. Kwa mwanafunzi aliyepanga Ruiru, huo ni ukarabati mkubwa wa kampasi kuliko uzio wowote mpya. Lakini maji ya bwawa hayapandi ngazi yenyewe. Yanafika kwenye ploti ambayo landilodi amelipia kuunganishwa, ameweka tangi la kutosha na pampu inayofanya kazi. Chuo ambacho kingejua ni ploti zipi zina maji ya uhakika, na kikawaelekeza wanafunzi wake huko, kingewafanya malandilodi wenyewe washindane kuweka matangi. Orodha hiyo haigharimu hata mfuko mmoja wa simiti.

Na kuna usiku. Wazazi wakisikia jina la Kamakis, wengi huona baa na muziki, wakaogopa mtoto atapotea. Woga huo una msingi, ila nadhani umeelekezwa pabaya. Sehemu yenye mahoteli ina taa, walinzi, bodaboda na watu hadi usiku wa manane. Humo kijana anaweza kupoteza fedha, lakini si rahisi atoweke bila kuonekana. Hatari kubwa ni kipande cha katikati, kile cha kutoka lami hadi ploti, kisicho na taa wala njia ya miguu, ambako mvua ikinyesha ule udongo mweusi hunata hadi kiatu kinabaki nyuma. Msichana mwenye kipindi kinachoisha saa mbili usiku anakipima kipande hicho kila siku. Akikiogopa, anaacha kuja vipindi vya jioni. Akiacha vipindi vya jioni, anafeli. Hakuna anayeandika kwenye karatasi ya matokeo kwamba chanzo kilikuwa taa ya barabarani.

Wataalamu wa elimu ya juu wameliona jambo hili kwingineko. Mwanasosholojia wa Marekani, Vincent Tinto, tangu andiko lake la 1975, amejenga hoja kwamba mwanafunzi hubaki chuoni kadiri anavyofungamana nacho kwa njia mbili, ya masomo na ya kijamii, na kwamba mwaka wa kwanza ndio wa hatari zaidi. Tinto alikuwa akitazama vyuo vya Marekani, ambako wengi walilala mabwenini, na nadharia yake imekosolewa kwamba haiwatoshi wanafunzi wanaotoka nje kila siku. Kwa Kamakis ukosoaji huo unaongeza nguvu ya hoja. Ikiwa hata anayelala ndani ya ua anaweza kujiona mgeni, itakuwaje kwa yule ambaye chuo kwake ni saa nne za darasani kisha matatu? Chuo kinachotaka kumfunga mwanafunzi wa namna hiyo kinahitaji kumpa sababu ya kubaki mchana na njia salama ya kuondoka jioni. Timu za michezo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko wanavyodhani watunga bajeti. Zetech Sparks, timu ya wanawake ya kandanda ya Zetech, imecheza ligi kuu ya taifa. Kwa fresha asiyemjua mtu Ruiru, kusimama ukingoni mwa uwanja Jumamosi na kupigia kelele jina la chuo chake kunamfanya mwenyeji kabla hajamaliza kukariri majina ya wahadhiri.

Muda nao unapungua. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi linatarajiwa kufika vyuo vikuu mwaka 2029, na katika mfumo huo shahada nyingi zimepangiwa miaka mitatu badala ya minne. Kupoteza muhula wa kwanza katika miaka minne ni kupoteza sehemu moja ya nane. Katika miaka mitatu ni moja ya sita. Fresha wa 2029 hatakuwa na nafasi ya kuuzoea mji polepole.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote linatoka kwa wasimamizi wenyewe, na ni zito. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu haikagui ploti za Kamakis. Inapokuja kuamua kama chuo kinastahili chata, au kozi iidhinishwe, inatazama ardhi, madarasa, maktaba, maabara na wahadhiri. Chuo kisichojenga hakipati chata, na kisicho na chata hupoteza wanafunzi kwa majirani wenye chata. Nakubali kabisa. Vyuo vya ukanda huu vililazimika kupitia mlango huo. Lakini ukishapita, kanuni haikulazimishi kuendelea kumwaga zege kila mwaka kana kwamba wakaguzi wako njiani. Kuna wakati jengo linakuwa tangazo, na tangazo la milioni mia kadhaa ni ghali mno kwa chuo kinachodaiwa mishahara. Zaidi ya hapo, maktaba ambayo tume inaikagua mchana inaweza kufungwa saa kumi na moja jioni, saa ambayo mwanafunzi mwenye tokeni zilizokwisha ndiyo anaihitaji. Kuongeza saa za kufungua maktaba, ikiwa na intaneti ya mtandao wa vyuo wa KENET na mlinzi mlangoni, ni uboreshaji usioonekana kwenye bango. Unaonekana kwenye matokeo.

Pingamizi la pili husema chuo si serikali ya kaunti. Taa, mitaro na njia za miguu ni kazi ya Manispaa ya Ruiru na Kaunti ya Kiambu, na chuo kikianza kuzigharamia kitakuwa kinalipa kodi mara mbili. Hili nalo lina ukweli, ila linachanganya kugharamia na kudai. Chuo chenye wanafunzi elfu kadhaa ni mteja mkubwa na mlipa ada mkubwa. Kikienda manispaa na ramani inayoonyesha njia tatu ambazo wanafunzi wake wengi hupita, na idadi ya vipindi vinavyoisha baada ya giza, kitasikilizwa kuliko mkazi mmoja mmoja anayelalamika. Vyuo viwili au vitatu vya ukanda huo vikienda pamoja, sauti itakuwa kubwa zaidi. Nashangaa kwamba vyuo hivi hushindana kwa mabango na havishirikiani kwa taa.

Wa tatu watasema: hawa ni watu wazima. Wamefikisha miaka 18, wana vitambulisho, wapige kura na wajitafutie vyumba. Chuo kikuu kisiwalee kama shule ya bweni. Hoja hii hupendwa sana na watu ambao wao walilala kwenye mabweni ya serikali na kula wali wa serikali. Kumpa mtu mzima taarifa sahihi hakumpunguzii utu uzima. Hata mfanyakazi anayehamishiwa mji mgeni hupewa na mwajiri wake siku kadhaa za malazi na mtu wa kumuuliza. Mwanafunzi wa miaka 18 ambaye hajawahi kusaini mkataba wa nyumba anastahili angalau kuonyeshwa mkataba unaofaa unafananaje, na kuambiwa kwamba amana hurudishwa.

La mwisho ni kusema kwamba dawa kamili ni mabweni, basi chuo kijenge mabweni. Tanzania imeshafanya hivyo kwa mkupuo: hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizozinduliwa Aprili 2017, zilikuwa majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi bilioni 10 za Tanzania. Nyufa zilizoonekana miezi michache baadaye zilizua mjadala mkali, lakini vitanda vilipatikana. Tatizo ni kwamba ile ilikuwa serikali, na agizo la rais. Chuo kidogo cha binafsi hakina mkono huo. Sekta binafsi nchini Kenya imeingia kwenye pengo hili kwa nguvu: kampuni ya Acorn, yenye hosteli za Qwetu na Qejani, mwaka 2019 ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani ili ijenge hosteli za wanafunzi. Hosteli hizo ni nzuri. Zina mwanga, usalama na intaneti. Ila mwekezaji anatafuta faida, na kijana anayesubiri HELB hayumo katika hesabu zake za kwanza. Kwa miaka mingi ijayo, fresha wa kawaida wa Kamakis atalala kwenye bedsita ya landilodi wa kawaida, na ni huko chuo kinapaswa kumfuata.

Kumfuata kwenyewe hakuhitaji miujiza. Ofisi ya malazi yenye watu wawili na pikipiki moja inaweza kuzunguka ploti zilizo umbali wa kutembea, ikakagua maji, kufuli, waya za stima na ngazi, ikaandika orodha na kuibandika. Landilodi anayetaka kuwemo katika orodha akubali masharti machache: kodi ilipwe kwa muhula, amana isizidi mwezi mmoja, na mwanafunzi asifungiwe chumba katikati ya mitihani. Hasara yake kwa landilodi ni ndogo, maana orodha humletea wapangaji, na chumba kisichokaa kitupu Mei hadi Agosti ni cha thamani kwake. Wiki ya kuwakaribisha mafresha, ambayo kwa sasa mara nyingi ni hotuba za wakuu wa idara katika ukumbi wenye joto, itolewe nusu siku ya kutembea mtaani na mwanafunzi wa mwaka wa tatu: hapa ndipo pa kununua tokeni, hapa zahanati, mama huyu chapo madondo zake ni safi, njia hii usiipite baada ya saa moja. Na basi dogo la chuo, ambalo mara nyingi huwa limeegeshwa likisubiri safari za viongozi, lizunguke ploti hizo mara mbili kila usiku. Yote haya kwa pamoja hayafiki gharama ya orofa moja.

Kwa hiyo, mzazi unayejiandaa kumleta mtoto chuoni upande huu wa Thika Road, ziara yako isiishie kwenye jengo jipya. Omba orodha ya ploti zilizokaguliwa. Uliza maktaba hufungwa saa ngapi, na nani hupokea simu ya mwanafunzi saa nne usiku. Giza likishaingia, tembea kwa miguu kutoka getini hadi chumba alichopata. Usiporidhika na majibu, kuna vyuo vingine kwenye barabara hiyohiyo.